Redio Huona Kama Jicho: Maana ya Mstari wa Kuonana

Mafundi wa mitambo ya mawasiliano wana msemo ambao mimi huutafsiri "mstari wa kuonana": njia iliyonyooka kati ya anayetuma na anayepokea, isiyokatwa na kilima, jengo wala mgongo wa dunia. Hilo la mwisho ndilo linalowahusu wavuvi wetu, maana baharini hakuna kilima, lakini dunia ni mviringo.

Mtu akisimama kwenye mashua, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake ni kilomita 5 hivi. Ndiyo maana chombo kikitoka mbali tunaona tanga kwanza, kiwiliwili baadaye. Mawimbi ya redio za VHF, ikiwemo chaneli 16 ya kuomba msaada, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hewa huyapinda kidogo yakafika mbele zaidi. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, upate kilomita. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha ujumlishe. Redio mbili za mkononi, kila moja mita 2 juu ya maji, huonana kwa kilomita 12 hivi. Antena zikipandishwa mlingotini hadi mita 6, umbali unafika 20.

Kwa hiyo muuzaji akikusifia wati, msikilize lakini muulize habari ya antena. Wati haziondoi mgongo wa dunia. Ni kama kutafuta mwezi mwandamo: aliye juu ya dari humtangulia aliyesimama uchochoroni, hata awe na macho makali vipi.

Simu ndiyo inayonitia wasiwasi. Vijana hutoka nayo ndani ya mfuko wa plastiki wakajiona salama. Mnara wa mita 50 ulio ufuoni huonana na simu iliyo mashuani kwa kilomita 35 hivi, tena kwa hesabu ya karatasi tu. Hata mnara ukiwekwa kilimani, mfumo wa kawaida wa 2G wenyewe una kikomo cha kilomita 35. Anayefuata jodari nje ya hapo, mashine ikimzimikia wakati wa kusi, hana wa kumpigia.

Kifaa cha setilaiti nacho kinahitaji mstari wa kuonana, ila wake umeelekea juu. Kisifichwe chini ya turubai. BMU zikipata fedha, mimi ningeanza na kifaa kimoja kwa kila chombo kinachovuka upeo wa mnara, kisha antena ndefu pale wanapopwelea.