Nyumba Iliyobebwa na Ngamia: Makao ya Kuhama Katika Nchi ya Waso

Nyumba ya kuhama ya wafugaji wa Waso ilifanya kazi mbili kwa vifaa vilevile. Ikisimamishwa, ilikuwa makao ya mama na watoto wake. Ikifunguliwa, fito na majamvi yake yaligeuka matandiko ya ngamia aliyeibeba. Nyumba za namna hii zilienea katika nchi yote ya mto Ewaso Ng'iro, kaskazini mwa Kenya, kuanzia Merti na Garba Tulla hadi ukanda wa Kinna na Rapsu, kusini mwa Isiolo, pale malisho yanapokaribiana na Mbuga ya Taifa ya Meru. Leo Rapsu ni kijiji cha watu wanaolima kwa maji ya mifereji, na nyumba zake hazihami. Mtu akiuliza nyumba ile ilikwenda wapi, mara nyingi huambiwa kwamba dunia imebadilika. Jibu hilo halitoshi. Nyumba ya ngamia ilikuwa na wajenzi wake, sheria zake na siku zake, na mwisho wake una tarehe.

Waborana, ambao ndio wengi katika nchi ya Waso, asili yao ni kusini mwa Ethiopia, nchi ya ng'ombe na visima virefu. Huko nyumba ilijengwa kwa miti, ikaezekwa nyasi, ikakaa mahali pamoja kwa miaka. Walioteremka kuelekea Wajir, na baadaye Waso, walikuta ardhi iliyo kavu zaidi, ambako ng'ombe peke yake hawezi kumlinda mtu na njaa. Ngamia huvumilia siku nyingi bila maji, hula majani ya miti wakati nyasi zimekwisha, na hutoa maziwa katika kiangazi kilichokwisha kumkausha ng'ombe. Waliomchukua ngamia wakaichukua na nyumba yake. Ujuzi ulikuwa tayari kwa majirani: Wagabra, Warendille, Wasomali, na hasa Wasakuye, wafugaji wa ngamia waliosema Kiborana na kuishi bega kwa bega na Waborana.

Utawala wa Waingereza uliikuta desturi hiyo ikiendelea, ukaanza kuibana. Sheria ya Wilaya za Nje ya mwaka 1902, kisha ile ya Wilaya Maalumu ya 1934, ziliwapa maofisa uwezo wa kufunga wilaya nzima, kudai vibali vya safari na kupanga kabila gani lilishe wapi. Katika miaka hiyo ya 1930 Waborana wengi walihamishwa kutoka Wajir, ambako mashindano ya visima na Wasomali yalikuwa makali, wakapelekwa Waso. Hata hivyo ndani ya mipaka waliyochorewa waliendelea kuhama: masika mbali na mto, kiangazi kwenye visima na kingo za mito. Nyumba ikawafuata.

Mifupa ya nyumba ilikuwa fito ndefu zilizopindwa. Mizizi ya migunga ilipendwa kwa sababu hurefuka sana, haina vifundo vingi, na hupindika bila kuvunjika. Mzizi ulichimbwa ungali mbichi, ukapashwa moto, ukapindwa kidogo kidogo, kisha ukafungwa kwa kamba hadi ukakauka ukiwa upinde. Fito zilichomekwa ardhini kwa mduara, vichwa vyake vikakutanishwa juu na kufungwa, na fito nyembamba zikapitishwa kwa ubavu ili mfumo usitikisike. Hakuna msumari uliotumika. Kila kiungo kilishikwa na kamba za nyuzi au ukanda wa ngozi, maana kilichopigiliwa msumari hakifunguki upesi asubuhi ya kuhama.

Juu ya mifupa hiyo yalitandazwa majamvi. Malighafi ilitegemea mahali: mkonge pori penye ukame mkali, makuti ya mikoma karibu na mito. Majamvi bora yalifumwa kwa namna ya pekee, upande mmoja ukiwa laini na upande wa pili nyuzi zikiachwa ndefu zining'inie. Mvua ikinyesha, maji yalifuata nyuzi hizo yakateremka hadi chini badala ya kupenya. Jua likiwaka, majamvi ya ubavuni yalikunjwa juu kidogo, upepo ukapita. Wagabra huelekeza mlango magharibi ili mgongo wa nyumba upokee upepo mkali wa mashariki. Ndani, sehemu ya nyuma ilikuwa ya kulala, kitanda kikiwa kichanja cha fito kilichotandikwa ngozi. Vyombo vya maziwa, vilivyofumwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi, vilitundikwa mahali ambapo mama angevifikia akiwa ameketi. Moto ulikaa mbele.

Kazi hii yote ilikuwa ya wanawake, na nyumba ilikuwa mali yao. Mwanamume alimiliki mifugo. Mke alimiliki paa lililokuwa juu ya kichwa cha mumewe. Nyumba ilizaliwa siku ya ndoa. Miezi kabla ya harusi wanawake wa ukoo walikusanya mizizi, wakafuma majamvi, na kwa Wagabra mama wa bibi arusi aliyapunguza ya nyumba yake mwenyewe ili kumwanzishia binti yake. Kadiri mabinti walivyoolewa, nyumba ya mama ilipungua, na nyumba ya mwanamke mzee ilionyesha kwa udogo wake idadi ya nyumba alizozianzisha. Nchi yenye miti michache ilihitaji desturi ya namna hii: fito nzuri ilirithiwa, haikutupwa, na mzizi mmoja ungeweza kutumika katika nyumba za vizazi viwili au vitatu.

Siku ya kuhama iliamuliwa na wazee wa kijiji wakiongozwa na abba olla, kiongozi wa kambi, baada ya vijana kutumwa kupeleleza majani na maji. Lakini kazi ya alfajiri ilikuwa ya wanawake tena. Majamvi yaliteremshwa kwanza na kukunjwa. Ngamia dume aliyehasiwa, mpole na aliyefunzwa, alipigishwa magoti. Majamvi yaliyokunjwa yalilazwa mgongoni kuzunguka nundu, upande wenye nyuzi ukimgusa yeye ili asichubuke. Kisha fito za nyumba zilifungwa ubavuni, nusu kulia na nusu kushoto, ncha zake zilizopinda zikipanda juu na nyuma ya mnyama. Ndipo vikafuata vyungu, ngozi za kulalia, vyombo vya maji na vya maziwa. Katikati, ndani ya kizimba kilichofanywa na fito zenyewe, waliketishwa watoto wadogo, mgonjwa, au mwana-mbuzi aliyezaliwa usiku huo, na jamvi moja likatandazwa juu yao kuwakinga na jua.

Fundi mzuri alijulikana kwa mizani. Ngamia mzima hubeba kilo 150 hadi 200 kwa safari ya kawaida, na uzito ukizidi upande mmoja hata kidogo, mzigo wote huteleza na kumjeruhi. Kwa sababu hiyo kila kitu katika nyumba kilikuwa na mwenzake: chombo cha maji kwa chombo cha maji, fungu la fito kwa fungu la fito. Mwanamke aliyefunga mzigo alijua uzito wa kila kifaa chake kwa mkono, bila kupima. Jioni, penye kambi mpya, matandiko yalifunguliwa na kuwa nyumba tena kabla ya giza kuingia.

Hitaji la makao yanayosafiri si la Waso peke yake. Mwaka 1964 mwandishi Mmarekani Ken Kesey alinunua basi la shule la mwaka 1939, ambalo mmiliki wake wa awali alikuwa amelitia vitanda na jiko, akasafiri nalo na marafiki zake kutoka California hadi New York. Tangu hapo maelfu ya Wamarekani wameng'oa viti vya mabasi makuukuu ya shule na kuyageuza makao, na maswali wanayokabiliana nayo mwanamke wa Waso angeyatambua mara moja: uzito uwekwe wapi, maji yakae wapi, watoto walale wapi, joto litoke vipi. Tofauti ni kwamba fundi wa basi huanza na chombo cha usafiri akakilazimisha kiwe nyumba, na siku zote kimoja humsumbua mwenzake. Nyumba ya Waso haikuhitaji kugeuzwa kwa nguvu, kwa kuwa tangu fito ya kwanza ilipindwa kwa ajili ya hali zote mbili. Kwa kipimo cha ufundi mtupu, hiyo ni kazi ya kiwango cha juu kuliko ya basi.

Pia ilikuwa kazi iliyomtegemea ngamia kabisa, na hapo ndipo ilipopigwa. Mnamo Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na chifu mwandamizi Haji Galma Dida waliuawa katika mzozo wa kujitenga kwa kaskazini. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini dhidi ya waliotaka kujitenga na kujiunga na Somalia. Mapigano hayo, yaliyoitwa Vita vya Shifta, yaliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Waborana na Wasakuye wa Isiolo walijikuta katikati. Askari waliamini kwamba ngamia ndio waliobeba chakula na silaha za wapiganaji, kwa hiyo ngamia akawa shabaha: wengi mno walipigwa risasi porini au kutwaliwa. Kuanzia mwaka 1966 wafugaji walikusanywa kwa lazima katika kambi, Garba Tulla na Merti zikiwa miongoni mwake, na yeyote aliyekutwa nje bila ruhusa alihesabiwa adui. Mifugo iliyofungiwa mahali pamoja ilimaliza majani ikafa. Wazee wa Waso huita miaka ile Daba, na hadi leo hupanga kumbukumbu zao kwa yaliyotokea kabla yake na baada yake.

Ndani ya kambi nyumba ya kuhama haikuwa na pa kwenda. Fito zilizorithiwa zilioza au zikawa kuni. Vita vilipokwisha, familia nyingi zilitoka kambini zikiwa hazina hata ngamia mmoja, na nyumba isiyo na mbebaji ni rundo la miti. Wasakuye, waliokuwa watu wa ngamia kuliko wote, ndio walioumia zaidi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa hasara hiyo: Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 iliwakinga maofisa na askari dhidi ya mashtaka kuhusu yaliyotendeka kaskazini, Isiolo ikiwemo, kati ya 1963 na 1967. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaandika mateso ya wakati huo kwa urefu, lakini kuandikwa si kulipwa.

Vijiji kama Rapsu ni zao la umaskini huo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa kasi zaidi baada ya ukame wa miaka ya 1970, serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa na makanisa walianzisha miradi ya umwagiliaji katika wilaya ya Isiolo, kama ile ya Malka Daka na Gafarsa, ili wafugaji waliofilisika wapate kula. Mkulima hupewa kipande cha ardhi na zamu ya maji. Anayesubiri zamu ya maji hawezi kuhama, kwa hiyo nyumba ya mkulima ilikita ardhini: nguzo zilizochimbiwa, kuta za udongo, na polepole paa la mabati. Ndovu wakivuka kutoka upande wa mbuga usiku, mwenye nyumba hupiga mabati na kuwasha moto. Zamani angefungua fito akaondoka.

Fundi hakufa siku moja, alibadili vifaa. Katika nyumba za duara ambazo bado huonekana kati ya Garba Tulla na Kinna, nafasi ya majamvi imechukuliwa na turubai za malori zilizochakaa, magunia ya sukari na ya mahindi ya msaada, na bati za mikebe ya mafuta ya kupikia zilizofunguliwa na kunyooshwa. Umbo ni lilelile la fito zilizopindwa na kufungwa kwa kamba. Lakini turubai haipitishi upepo, huchoma mchana, na haifai kuwa mto mgongoni mwa mnyama. Familia zinazohama siku hizi, ukame ukizidi, huchanga fedha na kukodi lori. Fito hutupwa juu ya mizigo na mbuzi, na anayepanga mzigo ni tanboi, wala si mama mwenye nyumba.

Ngamia mwenyewe amerudi Isiolo. Makundi yalianza kujengwa upya miongo iliyofuata vita, na maziwa yake sasa hukusanywa na vikundi vya wanawake mjini Isiolo, yakapakiwa kwenye mabasi ya asubuhi kuelekea Eastleigh, Nairobi. Katika Garissa jirani, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianzisha mwaka 1996 maktaba ya ngamia, iliyopeleka kwa wahamaji masanduku ya vitabu pamoja na hema la kusomea, ushahidi kwamba mnyama huyu bado anafaa kubeba zaidi ya maziwa. Alichopoteza ni matandiko yake ya zamani, kwa sababu waliokuwa wakiyafuma hawafumi tena.

Wanawake waliojifunza kupinda mizizi kabla ya kambi za 1966 sasa wamepita miaka sabini. Serikali ya Kaunti ya Isiolo na Makumbusho ya Taifa wangeweza kuwaalika wachache wao Kinna au Garba Tulla, wawalipe kama mafundi wanavyolipwa, nao wasimamishe nyumba moja kamili, waifungue, na kuipakia juu ya ngamia, kila hatua ikipigwa picha na kuandikwa kwa Kiborana na Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa, na inafaa ifanywe mwaka huu.