Mfupa ukionekana kwenye kidonda: upasuaji wa flapu ni nini?

Tangu mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, watu wengi wa Cabo Delgado wamepata majeraha makubwa. Risasi, ajali ya pikipiki au moto vinaweza kuondoa ngozi na nyama hadi mfupa ukaonekana. Ikiwa hali hiyo imekupata wewe au mtu wa nyumbani kwako, huenda daktari akapendekeza flapu. Hospitalini utasikia ikiitwa kwa Kireno retalho. Mara nyingine upasuaji huu ndio unaookoa mguu usikatwe.

Kwa nini kupandikiza ngozi hakutoshi?

Katika kupandikiza ngozi (kwa Kireno, enxerto), daktari huchukua ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, na kuiweka juu ya kidonda. Ngozi hiyo haina damu yake. Hutegemea nyama iliyo chini. Ikiwekwa juu ya mfupa mtupu, hufa. Flapu ni kipande cha ngozi au msuli kinachohamishwa kikiwa na mishipa yake ya damu, kwa hiyo huweza kuishi hata juu ya mfupa.

Inafanywaje?

• Chini ya goti: sehemu ya msuli wa shavu la mguu hugeuzwa ili ifunike mfupa wa ugoko, kisha hupandikizwa ngozi juu yake. Misuli mingine ya shavu hubaki, na wagonjwa wengi hutembea tena.

• Mkononi: mkono unaweza kushonwa kwenye ngozi ya kinena kwa takriban wiki 3, mpaka mishipa mipya iote. Kisha hutenganishwa kwa upasuaji wa pili. Usiondoke hospitali kabla ya hapo.

Baada ya upasuaji

Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi. Mwite muuguzi mara moja, hata usiku, flapu ikipauka na kuwa baridi, au ikivimba na kugeuka zambarau. Usiilalie, usiifunge kwa nguvu, na usivute sigara: moshi hubana mishipa ya damu.

Ufanye nini sasa?

Usipake majivu, udongo wala dawa ya meno. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji safi, kisha nenda haraka kituo cha afya kilicho karibu. Mfupa ukikaa wazi hukauka na kuoza, na nafasi ya kuuokoa hupungua. Omba karatasi ya rufaa. Kutoka Palma au Mocímboa da Praia unaweza kupelekwa Hospitali ya Mkoa ya Pemba, na kwa upasuaji mgumu zaidi, Hospitali Kuu ya Nampula.

Kabla ya kutia saini, una haki ya kuelezwa kila hatua. Kama hujui Kireno, omba mtu wa kukutafsiria kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili.