"Alas" ya Darasani, Hodi ya Mlangoni

Mwanafunzi wa sekondari pale Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, hufundishwa vihisishi mara mbili: kwanza katika Kiswahili, kisha katika Kiingereza. Mara zote mbili vinakuja mwishoni mwa orodha ya aina za maneno, na maelezo hayatofautiani sana. Kihisishi ni neno la kuonyesha hisia za ghafla, hakina uhusiano wa kisarufi na sentensi, kinafuatwa na alama ya mshangao. Kwa Kiingereza mifano ni "Hurrah!" ya ushindi na "Alas!" ya msiba. Kijana ananakili, anajibu mtihani, anapata alama yake. Akivuka mpaka pale Isongole kwenda Malawi, au akifika Tunduma kuzungumza na dereva wa lori kutoka Zambia, hizo mbili hazimsaidii kitu.

Maelezo hayo yametoka mbali. Sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ilitaja aina nane za maneno bila kihisishi. Miguno iliingizwa kwenye vielezi. Warumi walipoichukua orodha ile walikuta lugha yao haina kibainishi, basi nafasi iliyoachwa wazi ikapewa kihisishi. Donatus, katika karne ya 4, aliandika hivyo katika kitabu kidogo cha shule kilichotumika Ulaya kwa mamia ya miaka. Waingereza wakarithi. Mwaka 1786 John Horne Tooke alikataa hata kukihesabu kihisishi kuwa sehemu ya usemi, na mwaka 1795 Lindley Murray alikipokea, lakini cha tisa kati ya tisa. Kwa macho yao ni sauti ya mtu mmoja aliyeguswa. Anayesikiliza hatajwi.

Wanasarufi wa Kiarabu waligawa maneno makundi matatu tu: jina, kitendo na herufi. Maneno kama "amin" na "uff" waliyaita majina ya vitendo, kwa kuwa yanafanya kazi ya kitenzi bila kuwa kitenzi. Mimi naona hapo waliona mbali kuliko Warumi. Kurani, sura ya 17 aya ya 23, inamkataza mtoto kuwaambia wazazi wake hata "uff". Amri ya namna hiyo haina maana kama neno ni pumzi tu iliyomponyoka mtu. Ina maana kwa sababu neno limemfikia mama na limemuumiza.

Nyumba nyingi za Ileje ni za Wakristo, na sheria hiyo wanayo pia. Mtoto anatumwa maji, anasonya. Sauti ile haina irabu, na hakuna anayejua iandikwe vipi. Lakini mama anageuka papo hapo: "Unamsonya nani?" Swali lake ni sarufi tosha. Anajua msonyo una mtendwa.

Kiswahili kimejaa vihisishi vya namna hii, vinavyohitaji watu wawili. Anayefika kwenye nyumba ya watu husimama nje na kuita "Hodi!" hata kama mlango uko wazi na wenyeji anawaona. Husubiri "Karibu!" Akiita mara ya tatu kimya, anaondoka. Huko Malawi, kwa Wachewa, utasikia "Odi!" nayo inadai jibu vilevile. Mwingereza hugonga mlango, basi. Msichana akiitwa huitika "Abee", mvulana "Naam"; yaani kihisishi kinajali jinsia ya msemaji, jambo ambalo kanuni ya darasani haina pa kuliweka. Na kanuni nyingine ya darasani, kwamba kihisishi hakibadiliki umbo? Mbele ya wafiwa wengi hatusemi "pole". Tunasema "poleni", kama tunavyosema "karibuni" na "asanteni". Wapo wanaoyatoa maneno haya kwenye kundi la vihisishi ili kanuni isivunjike. Ningeona heri kanuni ivunjike.

"Kumbe" nayo inasumbua. "Kumbe!" peke yake ni kihisishi kisicho na ubishi. Lakini tazama: "Nilimdhania mgeni, kumbe ni mwenyeji wa hapa hapa." Imeingia katikati ya sentensi, imeshika vishazi viwili, na ukiitoa sentensi inalegea. Kiingereza kina "oh", ambayo mwaka 1984 John Heritage alionyesha kuwa kazi yake kubwa katika mazungumzo ni kumjulisha mwenzako kwamba umepata habari uliyokuwa huna. Hapo "oh" na "kumbe" ni ndugu kabisa. Na hapo ndipo Kiingereza chenyewe kinaiumbua sarufi yake: hata kihisishi chake kinachotumika kila siku kinamwelekea msikilizaji.

Kwa hiyo kwa mwalimu wa Itumba ningependekeza aanze na swali moja: neno hili anaambiwa nani? "Ouch" haiambiwi mtu. Unaisema ukijikwaa hata ukiwa peke yako. "Well" mwanzoni mwa jibu humwomba mwenzako avute subira, kwa kuwa jibu lenyewe halijanyooka. Kwa kawaida hufuatwa na mkato, wala haihitaji alama ya mshangao. "Sorry" ndiyo ya kukaa nayo kipindi kizima. Kwetu mtu akiangusha ndoo tunampa pole, na kijana anayefikiri kwa Kiswahili atamwambia Mwingereza "sorry" kwa ndoo ambayo hakuigusa. Mwingereza atashangaa huyu anakiri kosa gani. Angetarajia kuulizwa kama yuko salama. Msiba ukitajwa, hata hivyo, "I'm so sorry" ndiyo hasa wanayosema Waingereza, na jibu lake ni "thank you", kama vile pole inavyojibiwa "asante". Hiyo ndiyo ikae kwenye daftari palipoandikwa "Alas!", pamoja na jibu lake.