Habari za Tarakilishi Kuukuu Katika Nchi ya Waturkana

Zamani nilipoanza kazi ya ualimu, mtu aliyetoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120, akiwa na tarakilishi kuukuu garini, aliipakata kama mtoto mchanga. Nilifanya safari hiyo mara nyingi, na siku hizi ninapofundisha katika chuo cha ualimu, wanafunzi wangu huniuliza ni kwa nini ninachukia neno "imekufa" linaposemwa juu ya mashine. Jawabu lake ni refu kidogo, kwani lina historia ndani yake.

Vyombo hivi vilitufikia vikiwa vizee. Katika miji ya mbali ofisi hubadilisha tarakilishi zao baada ya miaka michache, na zile za zamani hukarabatiwa zikapewa shule. Nchini Kenya shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 2002, na wahisani wengine wengi wakaleta zao kwa njia zao. Zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya vyumba vyenye ubaridi. Kwetu zilikutana na jua la Lodwar, vumbi la Kakuma, na umeme usiotabirika. Bwawa la Turkwel limekuwa likitoa umeme tangu mwaka 1991, nalo liko juu ya mto uo huo upitao Lodwar. Lakini kwa miaka mingi mji wetu uliwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli, huku umeme wa bwawa ukienda kwingine.

Sasa natujue kitu chenyewe. Ndani ya tarakilishi mna kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila kionekanacho kiooni. Kadi hii haielewi moja kwa moja amri za programu kuu, kama vile Windows. Kati yao huwekwa programu ndogo iitwayo draiva, nayo ni mkalimani. Aliyewahi kuhudhuria baraza Kakuma hatahitaji maelezo zaidi. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengine. Mahali kama pale mkalimani asipofika, baraza hukaa kimya ingawa kila mtu ana ulimi wake mzima.

Mwanzoni ukalimani ulikuwa mwepesi. Tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981 iliuzwa na kadi za namna mbili, moja ya maandishi tu na nyingine yenye uwezo wa rangi chache. Mwaka 1987 kampuni hiyo ikatoa kanuni ya VGA, yenye nukta 640 kwa 480 na rangi 16. Waundaji wengine wote wakaifuata, na kwa miaka mingi kila kadi mpya, hata ikiwa na uwezo mkubwa namna gani, iliendelea kuifahamu VGA kama mtu asahauvyo mengi asisahau lugha ya mama yake. Jambo hili mshike sana, maana ndilo lililonishinda mimi.

Mwaka 1992, mwaka ule ule wa kambi ya Kakuma, ikaja kanuni ya PCI, ambayo kwayo kila kadi hubeba namba ya mwundaji wake na namba yake yenyewe. Intel alijichukulia 8086, jina la kifaa chake mashuhuri cha mwaka 1978. Nvidia ni 10DE. ATI, iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006, ni 1002.

Shida kubwa ilianza Januari 2007, Windows Vista ilipotolewa kwa watu wote. Ilitaka draiva za namna mpya kabisa. Nyaraka zilizofunuliwa mahakamani Marekani mwaka 2008 zilionyesha kwamba zaidi ya robo ya ajali za Vista zilizorekodiwa na Microsoft mwaka 2007 zilitokana na draiva za Nvidia. Tena waundaji hawatunzi kadi zao milele. Kadi za AMD zilizotoka mwaka 2008 ziliwekwa katika orodha ya wazee mwaka 2012. Miaka minne tu! Mbuzi wetu huishi zaidi ya hapo.

Mimi sikuyajua hayo nilipopokea tarakilishi sita za shule. Nilidhani draiva iliyo mpya ndiyo iliyo bora, basi nikaichukua Lodwar mahali penye intaneti, nikaitia katika mashine zote. Zilipowashwa tena, alama ya kiwanda ilionekana, kisha kioo kikawa cheusi. Nikasema zimekufa. Nne ziliuzwa kwa uzito, kwa mnunuzi wa vyuma. Watahiniwa wetu wa somo la tarakilishi wakabaki bila mashine hata moja, na mtihani wa vitendo ulikuwa karibu.

Mbili zilizobaki nilizipeleka kwa kijana fundi katika soko la Kakuma, nikitumaini atanunua vipuri. Aliiwasha moja, akaitazama, akaniuliza, "Mwalimu, ile alama ya kwanza uliiona safi, bila mistari?"

"Safi kabisa."

"Basi kadi ni nzima. Aliyeharibika ni mkalimani."

Neno hilo la mkalimani nililipata kwake. Alama ya kwanza huchorwa kabla draiva haijaamka. Kama mistari na madoa yangeonekana hata wakati huo, kosa lingekuwa katika kadi yenyewe, aghalabu kwa joto au feni iliyozibwa na vumbi. Akabonyeza kitufe cha F8, mashine ikaamka katika hali ya usalama, yaani kwa ile lugha ya mwaka 1987: picha kubwa kubwa, mbaya kutazama, lakini ilionekana! Akaiondoa draiva yangu, akasoma namba ya kadi, kisha akatafuta katika diski zake draiva ya mwisho iliyotolewa kwa ajili ya kadi ile na Windows ile. Ya pili hakuipatia, akaitilia Linux, ambayo tangu mwaka 2010 ina draiva ya nouveau, iliyotungwa na watu waliochunguza kadi za Nvidia wenyewe bila msaada wa kampuni.

Kazi yote haikuzidi saa mbili. Watahiniwa walifanya mazoezi kwa zamu, hata usiku umeme ulipokuwapo. Nilirudi kwa mnunuzi wa vyuma kesho yake asubuhi. Lori lilikuwa limekwisha ondoka kwenda Kitale.