Kutoka mkonge mpaka vidonge: historia ya dawa tunayochezea

Bandugu, mtoto wa mama mdogo wangu hapa Uvira alimeza deksametazoni miezi mitatu juu ya kunenepa mbele ya ndoa. Aliuzishiwa bila karatasi ya munganga. Uso ukajaa, watu wakamsifu. Ndoa ikapita, akaacha vidonge siku moja tu. Wiki haikuisha: kutapika, presha chini, akazimia. Hospitali ndiyo ilimuokoa.

Tangu hapo nikaanza kutafuta: hii dawa ilitoka wapi?

Tarehe 21 Septemba 1948, kule Mayo Clinic, Marekani, munganga Philip Hench alianza kumpiga kortizoni mwanamke ambaye viungo vilikuwa vimemkaza kabisa. Kisha siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Lakini walishaona upande wa pili: dawa ikisimama, ugonjwa unarudi, dozi ikiwa kubwa na ya muda mrefu, mwili unaharibika.

Kwanza kortizoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kazi ndefu na bei kali. Mwaka 1951 watafiti Waingereza wakaonyesha kwamba maji ya majani ya mkonge yana hekojenini, kitu cha kuanzia kutengeneza dawa hizi. Siye wa agronomia tunajua: nyuzi ni karibu 4% ya jani, zingine zote zinatupwa. Basi takataka ya mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki ikaingia kiwandani kwa Glaxo. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika ya wakati ule ililima mkonge tangu 1893.

Sasa, kwa nini kuacha ghafla ni hatari? Juu ya figo kuko tezi mbili ndogo zinazotengeneza kortizoli. Ukimeza vidonge wiki nyingi, zinalala. Ukikata mara moja, mwili unabaki bila kitu. Ndiyo sababu munganga anapunguza polepole.

Dawa yenyewe si adui: inaokoa watu wa pumu kila siku. Kama umeandikiwa, meza asubuhi kisha kula, usizidishe. Mwambie munganga kama una sukari, kifua kikuu ao minyoo, juu inaweza kuviamsha vikali. Na kama tayari unameza kwa siri, usiache peke yako leo: nenda kwanza hospitali, useme ukweli.

Uzuri wa ndoa ni siku moja. Tezi ni za maisha.