Chuma cha Kalibu na Aloi za Titani: Tafakuri ya Kihistoria kutoka Nyamyumba

Mwaka 1963, katika rasi ya Rubona, Nyamyumba, gesi ya methani ilianza kuvutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu ili kuwashia boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957. Historia ya mradi huo huelezwa kwa upande wa nishati. Makala haya yanauangalia kwa upande wa metali, kwani maji yanayobeba methani hiyo hubeba pia kaboni dioksidi na haidrojeni salfaidi, na metali yoyote iingiayo humo hukabiliwa na tindikali hafifu isiyopumzika.

Metali si ngeni katika Maziwa Makuu. Tanuri za kuyeyushia chuma zilizofukuliwa Rwanda na Buhaya zina umri unaofikia miaka elfu mbili, na inyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wa Rwanda. Hata hivyo, chuma kilichotukuzwa kilikuwa cha kufuliwa. Joto na makaa vikizidi tanurini, chuma hunywa kaboni ya asilimia 2 hadi 4, kikayeyuka. Kikishapoa hakipokei nyundo, bali hupasuka kama chungu. Kwa mhunzi hiyo ilikuwa hasara. Kwa viwanda vya Ulaya, kuyeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi badala ya 1,538 kulikuwa neema, kwani pampu nzima iliweza kumiminwa katika kalibu ya mchanga.

Titani ilitambuliwa mwaka 1791, lakini haikuwa metali ya viwanda mpaka Wilhelm Kroll alipopata hataza ya njia yake mwaka 1940. Aloi yake iliyoenea zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, huhimili mvuto wa megapaskali 900 hivi. Chuma cha kalibu cha kijivu hukatika kati ya 150 na 400, nacho ni kizito zaidi kwa zaidi ya nusu. Takwimu hizi huwashawishi washauri wa sera upesi mno. Chuma cha kalibu hubeba mgandamizo vizuri na hunyonya mitetemo, ndiyo maana vitako vya mashine bado hutengenezwa kwacho. Udhaifu wake ni majini: chuma huliwa taratibu, grafaiti ikabaki, na bomba likaonekana zima hadi siku linapopasuka. Titani hujifunika utando wa oksidi unaoikinga. Lakini kuiunga kwahitaji gesi ya agoni, maana ikiwa moto hunyonya oksijeni na kuwa tete. Kitako kilichovunjika chaweza kusubiwa upya na kiwanda kidogo. Kipande cha titani husubiri meli.

Na meli hizo zilikuwa zikipishana na malighafi yenyewe. Mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, wenye ilmenaiti na rutile, ulisafirishwa ng'ambo kuanzia mwaka 2014 mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, na matumizi makuu ya madini hayo duniani ni rangi nyeupe.