Oili ya giaboksi huzeeka, na Japani walishapima
Probox otomatiki ya bro ilikuwa inatetemeka ukipanda Laare pole pole. Tukaambiwa plagi. Tukanunua nne, wapi!

Zamani Wamarekani walikuwa wanatia mafuta ya nyangumi kwenye oili ya giaboksi ili klachi zishike laini. Mnyama akalindwa kisheria miaka ya 70, ikabidi watafute kemikali. Kisha klachi zikaanza kuachwa ziteleze kidogo ili kuokoa petroli, na hapo ndipo mtetemo hutokea oili ikichoka. Miaka ya 90 Japani ikaandika kipimo, JASO M349: oili inapashwa moto, inasuguliwa kwenye klachi masaa mengi, inapimwa tena na tena mpaka ishindwe. Kumbe hushindwa!

Halafu muuzaji alituapia hiyo oili haibadilishwi maisha. Fundi alipoimwaga, ilikuwa nyeusi tititi.